Thamani ya Kimoja: Hesabu za Watoto Wetu na Maji ya Kata Yetu



Jioni inapoingia, katika nyumba nyingi za kata yetu mtoto hufungua daftari lake la hisabati karibu na taa. Anapokwama humwendea mzazi, na mara nyingi jibu analopata ni hili: "Mimi hesabu zilinishinda tangu zamani, kesho kamuulize mwalimu wako." Lakini asubuhi ya siku hiyohiyo mzazi huyo alisimama sokoni mbele ya fungu la nyanya la shilingi 500 na sado nzima ya shilingi 3,000. Akaitazama sado, akakadiria kwamba ingetoa mafungu manane, akaona kuwa mafungu manane yangemgharimu shilingi 4,000, akainunua sado na kugawana na jirani yake. Hesabu aliyoifanya sokoni na ile iliyomshinda daftarini ni hesabu moja. Tofauti ni kwamba ile ya sokoni haikuwa na jina.

Makala haya yanaeleza hesabu hiyo pamoja na ndugu zake wawili, yaani takwimu na aljebra, kama wanavyojifunza watoto wetu kuanzia madarasa ya juu ya shule ya msingi hadi miaka ya kwanza ya sekondari. Tumeyaweka katika jarida la huduma kwa sababu hakuna huduma ya umma isiyopimwa kwa namba. Maji yana lita na shilingi zake. Shule ina idadi ya wanafunzi na walimu wake. Taarifa ya mapato na matumizi ina safu zake. Mwananchi asiyeweza kuihoji namba hubakiwa na njia mbili tu: kuamini kila anachoambiwa, au kushuku kila anachoambiwa. Njia ya tatu, ambayo ni kujua, hupitia katika hesabu hizi.

KIMOJA KWANZA

Msingi wa yote ni swali fupi: kimoja ni kiasi gani? Kilo moja ni shilingi ngapi, lita moja ni shilingi ngapi, dakika moja hutoa lita ngapi, mwalimu mmoja anafundisha wanafunzi wangapi? Vitu viwili visivyolingana kwa ukubwa haviwezi kulinganishwa kwa haki mpaka vyote virudishwe kwenye kimoja.

Tuchukue mfano wa mafuta ya kupikia. Dukani robo lita inauzwa shilingi 1,800 na lita nzima shilingi 6,500. Kwa macho, shilingi 1,800 ni kidogo kuliko 6,500, na mwenye shilingi 2,000 mfukoni hana cha kuchagua. Lakini lita moja ina robo nne, na mara nne ya 1,800 ni 7,200. Anayenunua kwa robo analipa shilingi 700 zaidi kwa kila lita. Sasa tuseme dumu la lita 20 linauzwa shilingi 120,000. Ukigawanya 120,000 kwa 20 unapata shilingi 6,000 kwa lita. Majirani watano wakichanga shilingi 24,000 kila mmoja, kila mmoja anapata lita 4, na kwa lita hizo nne ameokoa shilingi 4,800 ukilinganisha na kununua kwa robo. Muuza duka hajamwibia mtu; anayegawa bidhaa kidogokidogo ana kazi na hasara zake. Hesabu inamwonyesha mnunuzi bei ya uamuzi wake, kisha inamwachia aamue.

Wazee wetu waliifahamu hesabu hii kabla ya mizani kuenea. Pishi moja ilikuwa vibaba vinne, na aliyeijua bei ya kibaba aliijua bei ya pishi. Kilichobadilika ni jina la kipimo.

Darasani mtoto huonyeshwa hatua mbili. Kwanza, gawanya upate thamani ya kimoja. Pili, zidisha upate thamani ya kiasi unachokitaka. Ikiwa daftari 6 ni shilingi 4,200, basi daftari moja ni shilingi 700, na daftari 10 ni shilingi 7,000. Mtoto anayeelewa kwa nini anagawanya kwanza hahitaji kukariri kanuni. Anayekariri bila kuelewa atagawanya pasipostahili mara tu swali litakapobadilishwa maneno.

NDOO, UNITI NA SAA

Tuipeleke sasa hesabu hii kwenye huduma inayotugusa kila siku, yaani maji. Bili ya maji husoma uniti. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, nayo ni lita 1,000. Ndoo yetu ya kawaida ni lita 20. Kwa hiyo uniti moja ni ndoo 50, na namba hii 50 inafaa ikaririwe na kila kaya.

Tuseme, kwa mfano tu, kituo cha kuchotea maji kinauza ndoo moja kwa shilingi 40. Uniti moja ni 40 mara 50, yaani shilingi 2,000. Mwenye bomba nyumbani analipa, tuseme, shilingi 1,500 kwa uniti. Ukigawanya kwa 50 unaona kwamba ndoo yake ni shilingi 30. Asiye na bomba na aliye mbali na kituo hununua kwa muuza maji wa mkokoteni kwa shilingi 300 kwa ndoo. Uniti yake ni 300 mara 50, yaani shilingi 15,000. Ni mara kumi ya anacholipa mwenye bomba. Kwa kutazama ndoo mojamoja jambo hili halionekani, kwa kuwa shilingi 300 hutoka mkononi bila kelele. Linaonekana pale tu wote watatu wanapopimwa kwa kipimo kimoja. Kaya inayofikiria kama ina uwezo wa kuchangia gharama za kuunganishiwa maji inafaa ianzie kwenye hesabu hii.

Kuna pia hesabu ya haki. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha huduma vijijini: kila mkazi apate lita 25 za maji safi kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka makazi yake, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Namba hizo tatu zikikaa kwenye karatasi ni maneno tu. Zikiingia kwenye hesabu zinakuwa kipimo ambacho mtoto wa darasa la sita anaweza kukitumia.

Watu 250 kwa lita 25 kila mmoja ni lita 6,250 kwa siku. Hizo ni ndoo 312 na nusu. Je, kituo chetu kinaweza kutoa kiasi hicho? Hapo inahitajika ndoo moja na saa yenye kuonyesha sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 60, bomba linatoa lita 20 kwa dakika, yaani lita 1,200 kwa saa. Gawanya 6,250 kwa 1,200: unapata saa 5 na dakika 12 hivi. Lakini ndoo ikijaa kwa sekunde 100, bomba linatoa lita 12 kwa dakika, yaani lita 720 kwa saa, na kazi ileile itachukua saa 8 na dakika 41.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hulifichua. Ndoo hazijibadilishi zenyewe. Ikiwa kila mchotaji anatumia sekunde 20 kuondoa ndoo yake na mwenzake kuweka nyingine, ndoo 312 zitatumia sekunde 6,240, yaani saa 1 na dakika 44 ambazo maji hayachotwi. Kituo cha sekunde 100 sasa kinahitaji zaidi ya saa 10 kwa siku. Foleni yenye utaratibu, ambapo ndoo ya anayefuata iko tayari, hupunguza muda huo bila shilingi hata moja kutumika. Na pale ambapo saa hazitoshi hata kwa utaratibu mzuri, wananchi wana hoja ya kuomba bomba la pili. Hoja ya aina hiyo ina namba ndani yake, na ni vigumu kuipuuza.

Kwa kaya moja, Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya nchini ina wastani wa watu 4.3. Watu 4.3 kwa lita 25 ni lita 107.5, yaani ndoo 5 na zaidi kidogo ya theluthi. Hapo mtoto anaweza kuuliza kwa haki kabisa: mtu 0.3 ni nani? Jibu lake linatufikisha kwenye takwimu.

DAFTARI LA WIKI MOJA

Wastani si mtu wala si kaya. Ni namba tunayoipata tukijumlisha vyote na kuvigawa sawasawa. Hakuna nyumba yenye watu 4.3, lakini namba hiyo husaidia kupanga huduma za nyumba nyingi kwa pamoja. Inatufaa tukijua inasema nini na inaficha nini.

Tuseme mwanafunzi ameandika idadi ya ndoo zilizolipiwa kituoni kwa wiki moja, kama ifuatavyo:

Jumatatu: 230
Jumanne: 240
Jumatano: 220
Alhamisi: 250
Ijumaa: 240
Jumamosi: 290
Jumapili: 0

Jumla ni ndoo 1,470. Ukigawanya kwa siku 7, wastani ni ndoo 210 kwa siku. Lakini tazama orodha tena: hakuna hata siku moja ambayo mauzo yalikaribia sana 210. Siku zote zilizokuwa na maji zilizidi hapo, na Jumapili hapakuwa na kitu. Ukizipanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, yaani 0, 220, 230, 240, 240, 250, 290, ile ya katikati ni 240, nayo inaeleza siku ya kawaida vizuri zaidi. Ukiiacha Jumapili, wastani wa siku sita ni 245.

Namba ipi ni ya kweli? Zote. Anayetaka kujua fedha iliyoingia atumie jumla na wastani wa 210. Anayetaka kujua mahitaji ya watu kwa siku ya kawaida atumie 240. Na anayetaka kuboresha huduma aiulize ile sifuri: Jumapili kulitokea nini? Je, umeme ulikatika, bomba lilipasuka, au mwenye ufunguo hakuwapo? Mwanafunzi aliyefundishwa kukokotoa wastani tu atafaulu swali moja la mtihani. Aliyefundishwa kuitazama orodha kabla ya kukokotoa ataifaa jamii yake.

Sasa tulinganishe daftari na mita. Tuseme Jumatatu asubuhi mita ya kituo ilisoma 1,204, na Jumatatu iliyofuata ikasoma 1,237. Tofauti ni uniti 33. Uniti 33 mara 50 ni ndoo 1,650. Ndoo zilizolipiwa ni 1,470. Kuna ndoo 180 zilizopita kwenye mita na hazikuingia daftarini.

Hapa tunaomba utulivu. Namba haikutaja jina la mtu. Ndoo 180 zinaweza kuwa zilivuja mahali fulani baada ya mita. Huenda ni maji yaliyomwagika wakati wa kubadilisha ndoo, au waliosamehewa kwa kuwa ni wazee na wagonjwa, au ndoo za watu zenye ujazo mkubwa kuliko lita 20. Inawezekana pia kwamba zililipiwa na hazikuandikwa. Kila sababu ina namna yake ya kuchunguzwa, na uvujaji hupimwa kwa urahisi: funga bomba usiku, soma mita, isome tena alfajiri. Ikiwa imesogea, tatizo liko ardhini. Hesabu nzuri huwaelekeza wananchi mahali pa kutazama kabla hawajaelekeza kidole kwa mtu.

HERUFI INAYOSHIKA NAFASI YA NAMBA

Watoto wengi hupoteza ujasiri mwalimu anapoandika herufi ubaoni badala ya namba. Neno aljebra limetoka katika Kiarabu, kwenye jina la kitabu cha al-Khwarizmi, mwanazuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na lina maana ya kurejesha au kuunga kilichovunjika. Maana hiyo inatufaa. Katika aljebra kuna namba iliyopotea, nasi tunairejesha. Herufi ni kiti kilichowekwa wazi kumsubiri mwenyewe.

Turudi kituoni. Tuseme kila mwezi mhudumu wa kituo analipwa shilingi 120,000, na shilingi 60,000 zinawekwa akiba ya matengenezo. Jumla ni shilingi 180,000, ziuzwe ndoo nyingi au chache. Zaidi ya hapo, kusukuma maji ya kila ndoo kunatumia umeme wa shilingi 10. Bei ya ndoo ni shilingi 40. Swali: ni lazima ziuzwe ndoo ngapi kwa mwezi ili kituo kijiendeshe bila deni?

Idadi hiyo hatuijui, tuiite n. Mapato ni 40 mara n. Matumizi ni 180,000 na 10 mara n. Tunataka pande mbili zilingane, kwa hiyo tunaandika mlinganyo:

40n = 180,000 + 10n

Tukiondoa 10n pande zote mbili, tunabaki na 30n = 180,000. Tukigawanya pande zote kwa 30, n = 6,000. Ni ndoo 6,000 kwa mwezi, yaani 200 kwa siku katika mwezi wa siku 30.

Maana ya ile 30 iliyobaki ni muhimu kuliko jibu lenyewe. Katika kila shilingi 40 anazotoa mchotaji, 10 zinakwenda kwenye umeme, na 30 tu ndizo zinazobeba mshahara na akiba. Kituo chetu cha mfano kiliuza wastani wa ndoo 210 kwa siku, sawa na 6,300 kwa mwezi. Ndoo 300 za ziada, kwa shilingi 30 kila moja, ni ziada ya shilingi 9,000. Kituo kinapumua, lakini kwa shida. Zile ndoo 180 za kila wiki zisizolipiwa nazo zilisukumwa kwa umeme uleule: shilingi 1,800 kwa wiki, 7,200 kwa wiki nne. Sehemu kubwa ya ziada yote imekwisha kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona.

Sasa tuseme mkutanoni mtu anapendekeza bei ishuke hadi shilingi 30. Ni pendekezo jema kwa moyo, na mlinganyo unalipima bila kumkejeli aliyelitoa: 30n = 180,000 + 10n, hivyo 20n = 180,000, na n = 9,000. Bei imepungua kwa robo, lakini ndoo zinazohitajika zimeongezeka kwa nusu, kutoka 200 hadi 300 kwa siku. Je, watu watachota ndoo 100 zaidi kila siku kwa sababu ya punguzo la shilingi 10? Wasipochota, mshahara utachelewa, akiba italiwa, na siku pampu itakapoharibika hakutakuwa na fedha ya kuitengeneza. Wa kwanza kuumia watakuwa walewale waliokusudiwa kusaidiwa, watakaporudi kwenye maji ya mkokoteni ya shilingi 300.

Mlinganyo huohuo unaeleza jambo jingine tunalolifahamu sote. Wakati wa masika watu hukinga maji ya mvua. Mauzo yakishuka hadi ndoo 150 kwa siku, mwezi una ndoo 4,500. Mapato ni shilingi 180,000. Matumizi ni 180,000 na 45,000 za umeme, jumla 225,000. Upungufu ni shilingi 45,000. Kwa hiyo ziada ya kiangazi si faida ya kugawana. Ni chakula cha masika. Wananchi wakilijua hili mapema, hawatashangaa kusikia fedha ipo benki wakati wa jua na haitoshi wakati wa mvua.

KUTOKA KISIMANI HADI SHULENI

Njia hiyohiyo inatumika kwa huduma nyingine. Kiwango kinachotumika nchini kwa shule za msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, tundu 1 la choo kwa wasichana 20, na tundu 1 kwa wavulana 25. Shule ya mfano yenye wasichana 320 na wavulana 300 inahitaji matundu 16 ya wasichana na 12 ya wavulana. Ikiwa wasichana wana matundu 8, kila tundu linatumiwa na wasichana 40, mara mbili ya kiwango. Aliyesema "vyoo havitoshi" amelalamika. Aliyesema "yanahitajika matundu 8 zaidi ya wasichana" ameandika nusu ya mpango wa ujenzi.

Kwa mujibu wa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Usijaribu kukumbuka kila namba. Chagua mstari mmoja na uurudishe kwenye kimoja. Ikisomwa kuwa madawati 40 yamegharimu shilingi 3,200,000, gawanya: dawati moja ni shilingi 80,000. Fundi seremala wa kijiji yupo mkutanoni, na anajua bei ya mbao. Swali lako halitakuwa la kushuku wala la kuamini. Litakuwa swali la kujua. Na viongozi waliofanya kazi yao kwa uaminifu watalifurahia, kwa kuwa namba iliyohojiwa hadharani ikajibiwa hadharani huwakinga na uvumi.

MAKOSA MATATU YA KUJIHADHARI NAYO

La kwanza ni kuchanganya vipimo. Lita na mililita, dakika na sekunde, kilo na gramu visikutane katika hesabu moja kabla ya kugeuzwa viwe vya aina moja. Wanafunzi wengi hukosa swali ambalo njia yake waliijua, kwa sababu tu waligawanya lita kwa sekunde na kuandika jibu kama dakika.

La pili ni kugawanya kinyume. Lita 20 kwa shilingi 120,000: ukigawanya shilingi kwa lita unapata bei ya lita moja, ukigawanya lita kwa shilingi unapata kiasi cha mafuta kwa shilingi moja. Zote ni hesabu sahihi, lakini zinajibu maswali tofauti. Dawa yake ni kutamka jibu kwa maneno kamili: "shilingi 6,000 kwa kila lita moja."

La tatu ni kuchukua wastani wa wastani. Mkulima ameuza kilo 10 za maharage kwa shilingi 1,000 kwa kilo, na kilo 30 kwa shilingi 1,200. Wengi watasema bei yake ya wastani ni 1,100, katikati ya hizo mbili. Sivyo. Amepata 10,000 na 36,000, jumla 46,000, kwa kilo 40. Gawanya: ni shilingi 1,150 kwa kilo. Bei iliyobeba kilo nyingi ina uzito mkubwa zaidi.

MZAZI AFANYE NINI

Katika mtihani wa kidato cha nne, hisabati imekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini nchini. Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kuubeba mzigo huo peke yake. Mzazi asiyekumbuka kanuni hata moja anaweza kusaidia kwa maswali matatu: Tunatafuta kimoja cha nini? Tunagawanya nini kwa nini? Na jibu ulilopata linaingia akilini? Mtoto aliyepata kwamba ndoo moja ya maji ni shilingi 4,000 akiulizwa swali la tatu atacheka mwenyewe na kurudi kutafuta alipokosea.

Pili, mpe mtoto kazi zenye kusudi. Anapokwenda dukani, aje na bei ya kilo moja. Anapokwenda bombani, apime muda wa kujaza ndoo mara tatu, ajumlishe na kugawanya kwa tatu. Mhusishe binti sawa na kijana. Mara nyingi ndiye anayekaa kwenye foleni ya maji, hivyo ndiye mwenye takwimu. Tatu, usiseme mbele yake kwamba hesabu si za ukoo wenu. Umekwisha kuzifanya asubuhi sokoni.

MAZOEZI YA NYUMBANI

1. Mfuko wa mchele wa kilo 25 ni shilingi 62,500, na wa kilo 5 ni shilingi 13,000. Upi ni nafuu, na kwa shilingi ngapi kwa kilo?

2. Ndoo ya lita 20 hujaa kwa sekunde 80. Bomba linatoa lita ngapi kwa dakika? Litachukua muda gani kutoa lita 6,250, bila kuhesabu muda wa kubadilisha ndoo?

3. Kituo kiliuza ndoo 150, 160, 140, 170, 160, 240 na 100 katika siku saba. Tafuta wastani na namba ya katikati.

4. Kituo kina gharama zisizobadilika za shilingi 150,000 kwa mwezi, umeme wa shilingi 10 kwa ndoo, na bei ya shilingi 50 kwa ndoo. Ni ndoo ngapi zinahitajika kwa siku, katika mwezi wa siku 30, ili kisipate hasara?

Majibu: (1) Wa kilo 25, kwa shilingi 100 kwa kilo, kwa kuwa ni 2,500 dhidi ya 2,600. (2) Lita 15 kwa dakika. Karibu saa 7. (3) Wastani 160. Namba ya katikati 160. (4) 40n = 150,000, hivyo n = 3,750 kwa mwezi, yaani ndoo 125 kwa siku.

Bei zote zilizotumika katika makala haya ni za mfano. Bei halisi za kituo chako ziulize kwa chombo kinachosimamia maji katika kijiji chako au katika ofisi ya Mtendaji wa Kijiji, kisha uziweke mahali pa zile za mfano na ukokotoe upya pamoja na mwanao. Kwa masuala ya masomo, onana na mwalimu wa hisabati wa shule ya mwanao au Afisa Elimu Kata. Na mkutano mkuu ujao utakapoitishwa, njoo na kalamu, karatasi na swali moja: kimoja ni kiasi gani?